Taa ya ABS ikigoma kuzima, gari linakuambia nini?

"Gari zima kabisa, ni taa ya ABS tu." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno hapa Moshi, hasa mtu anapouza gari lililokwisha kula miaka kumi na tano au ishirini. Wanunuzi nao wamegawanyika. Kuna wanaoshtuka, wakidhani gari halina breki, wakaliacha gari ambalo tatizo lake ni waya mmoja tu. Kuna wengine wanaosema taa haijawahi kuua mtu, wanalipa, halafu siku ya kwanza ya masika wanashuka Kibosho barabara imelowa bila kujua kwamba kuna kinga wameikosa. Siwalaumu. Ile taa watu wengi wamekutana nayo kabla hawajaelezwa inasema nini.

Mimi ilinigharimu. RAV4 yangu ya 1998 ilianza kuwasha taa hiyo mara mojamoja, na gereji ya kwanza niliyoipeleka, hata kabla gari halijapandishwa jeki, iliniambia "boksi la ABS limekufa." Nikatafuta boksi la mtumba, likafungwa, nikalipa. Sijafika Kiborloni, taa imewaka tena. Nitaeleza mwishowe tatizo lilikuwa wapi, lakini kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe.

ABS ni herufi za Kiingereza zinazotaja mfumo wa breki usioruhusu tairi kuganda. Neno la kushika hapo ni "kuganda". Ukikanyaga breki kwa nguvu zote kwenye barabara inayoteleza, tairi linaweza kuacha kuzunguka kabisa huku gari bado linakwenda. Tairi likiganda, linateleza kama soli iliyokanyaga ganda la ndizi. Baya zaidi, usukani unakuwa hauna kazi: unakata kulia, gari linaendelea mbele. Tairi linalozunguka, hata polepole, bado linaishika barabara na bado linakusikiliza. Kazi ya ABS ni hiyo tu. Inahisi tairi likitaka kuganda, inalilegezea breki kidogo, inalibana tena, inalilegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kasi ambayo mguu wa binadamu hauiwezi. Mfumo wa kielektroniki wa namna hii ulitengenezwa na Bosch na ukaingia sokoni mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz kubwa za wakati huo. Leo unaukuta hata kwenye vigari vidogo vya mtumba vinavyoshuka bandarini Dar es Salaam.

Kwa hiyo ABS imekaa juu ya breki za kawaida, kama mtu aliyesimama pembeni yako akiangalia usizidishe. Ikizimika, mafuta ya breki bado yanasukumwa na mguu wako, pedi bado zinabana diski, gari linasimama kama yalivyosimama magari ya babu zetu. Ulichopoteza ni yule anayekuangalia.

Kujua tairi linataka kuganda, gari linahitaji kujua kila tairi linazunguka kwa kasi gani. Hapa wengi ndipo wanapopotea, na mimi huwaeleza kwa mfano wa kwaya. Fikiria kwaya ya usharika yenye sauti nne: soprano, alto, tena na besi. Kila tairi ni sauti moja. Kompyuta ya ABS ni mwalimu wa kwaya aliyesimama mbele, hasomi kitu, anasikiliza tu. Gari likienda sawa, sauti zote nne zinaimba kwa mwendo mmoja. Ukikata kona zinaachana kidogo, na mwalimu anajua ni kawaida. Lakini sauti moja ikipungua ghafla kuliko wenzake, anajua tairi hilo linakaribia kuganda, anainua mkono, na boksi lenye vali na pampu linalegeza breki ya tairi hilo. Sasa je, sauti moja ikinyamaza kabisa, au ikaimba kwa kukatikakatika bila mpangilio? Mwalimu hawezi tena kuamini anachosikia. Badala ya kukisia na kulegeza breki za watu pasipo sababu, anashusha mikono na kuwasha taa. Taa ya njano ya ABS ndiyo mwalimu aliyeshusha mikono.

Kinachoimba ni sensa ndogo iliyokaa karibu kabisa na habu ya tairi. Kwenye magari ya zamani ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, ikitazama pete ya chuma yenye meno inayozunguka pamoja na tairi. Kila jino likipita, linazalisha mtikisiko mdogo wa umeme. Chukua pete yenye meno 48, ambayo ni ya kawaida kwenye Toyota, na tairi ambalo mzunguko wake mmoja ni kama mita mbili: ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, meno kama 400 yanapita mbele ya sensa kila sekunde. Nafasi kati ya sensa na jino ni kama milimita moja, mara nyingi pungufu. Chukua karatasi chache za daftari uzikunje pamoja, unene huo ndio nafasi yenyewe. Vumbi la chuma, kutu, au beringi iliyolegea vinatosha kuivuruga.

Ndiyo maana ninasisitiza jambo moja kuliko yote: taa ikiwaka, anza kutafuta kwenye tairi. Boksi limejificha ndani ya boneti, limekaa pakavu, halina tope. Sensa na waya wake viko chini, vinapigwa mawe ya barabara ya Mererani, vinazikwa kwenye tope la masika la Uru na Machame, vinamiminiwa maji ya presha kila Jumamosi kwenye kuoshea magari. Ukiulizwa kipi kitaumwa kwanza, jibu huhitaji mashine kulijua.

Njano, nyekundu, na zote mbili

Kabla ya kushika spana, tazama rangi. Taa ya njano ya ABS peke yake maana yake ni ile niliyoieleza: breki zipo, kinga haipo. Endesha taratibu, acha nafasi kubwa mbele yako, peleka gari kwa fundi siku chache zijazo. Taa nyekundu ya breki ni habari nyingine. Inaweza kuwa handbreki haijashuka vizuri, au mafuta ya breki yamepungua kwenye kopo. Kama handbreki imeshuka na taa nyekundu bado inawaka, fungua boneti utazame kopo kabla ya kwenda popote.

Zikiwaka zote mbili, njano na nyekundu, simama. Hili silisemi kwa kutia chumvi. Kwenye magari mengi kompyuta hiyohiyo ya ABS ndiyo inayogawa nguvu ya breki kati ya tairi za mbele na za nyuma. Ikishindwa kazi hiyo, tairi za nyuma zinaweza kuganda kabla ya za mbele, na gari linazunguka mkia ukatangulia. Usijaribu kushuka nalo kutoka Marangu kuja Himo eti utatumia gia ndogo. Ita gari la kuvuta.

Sikiliza taa inawaka lini

Hapa ndipo pana utajiri, na ndipo mafundi wengi wanaparuka. Muda ambao taa inawaka unakupa nusu ya jibu bila kutumia hata shilingi.

Ukipiga swichi bila kuwasha injini, taa ya ABS inatakiwa iwake, ikae kama sekunde tatu hivi, izime yenyewe. Huo ni muda wa kompyuta kujikagua. Kama haizimi kabisa hata gari halijasogea, shida ni ya umeme ambayo kompyuta inaiona gari likiwa limesimama: fyuzi imekatika, rilei imekufa, waya wa sensa umekatika moja kwa moja, au kweli pampu na boksi vina tatizo. Kama inazima vizuri halafu inawaka ukishaanza kutembea, labda ukifika kilomita kumi na kitu kwa saa, basi waya uko mzima ila wimbo hausikiki: sensa ina uchafu, iko mbali na pete, au pete ina kasoro.

Kama inawaka usiku tu, ukiwa umewasha taa kubwa, feni na redio, na mchana haionekani, kagua betri na oltaneta kwanza. Kompyuta ya ABS ikipata umeme pungufu hujitoa yenyewe, na nimeona watu wakinunua sensa wakati betri ndiyo ilikuwa imechoka. Ikiwaka baada ya kuosha gari au baada ya mvua na kesho yake ikazima, maji yameingia kwenye plagi ya sensa. Ikiwaka kwenye matuta, au ukikata usukani hadi mwisho, kuna waya unaovutika.

Kuna dalili moja ambayo inatisha na watu hawaielewi. Unakaribia kusimama, uko kwenye mwendo wa mtu anayetembea, lami ni kavu, mara pedali inatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Taa inaweza hata isiwake. Mara nyingi hiyo ni pete ya meno iliyopasuka. Penye ufa nafasi kati ya meno mawili inakuwa pana, na kila mzunguko kompyuta inadhani tairi limeganda kwa nukta moja, inalegeza breki. Pete nyingi za mbele zimebanwa kwenye shafti. Kutu ikiota chini yake inavimba na kuipasua. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu hii tayari, hata kama mwili wa gari unang'aa.

Na tofautisha na hii: ukikanyaga breki ghafla kwenye utelezi, pedali ikatetemeka kwa nguvu, hapo ABS inafanya kazi yake. Watu wengi wakihisi mtetemo huo huinua mguu kwa hofu. Usiinue. Kanyaga, shikilia, elekeza usukani unakotaka kwenda. Ile desturi tuliyofundishwa ya kupiga breki mara nyingi nyingi ni ya magari yasiyo na ABS, au gari lako siku taa hiyo inapowaka.

Siku ya mita

Sasa nirudi kwa RAV4 yangu. Baada ya lile boksi la mtumba kunishinda, nilienda kwa fundi umeme mmoja maeneo ya Majengo, mtu mzima asiye na maneno mengi. Aliniuliza swali moja: "Inawaka wapi zaidi?" Nikamwambia mara nyingi ni nikizunguka kipilefti ya YMCA. Akaitikia kwa kichwa tu.

Hakugusa boneti. Alichukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili kwenye plagi ya uchunguzi, yaliyoandikwa TC na E1, akapiga swichi. Taa ya ABS ikaanza kupepesa: mara tatu, ikatulia, mara moja. Thelathini na moja. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile, 31 ni sensa ya tairi la mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. (Usijaribu hili kwa kubahatisha matundu, ukikosea unaweza kuunguza kompyuta. Magari ya baadaye yanasomwa kwa mashine, na hapo hakikisha mashine inasoma ABS, kwa kuwa vile vidude vya bei rahisi vya kuunganisha na simu vingi vinasoma injini tu.)

Nikasema basi tununue sensa. Akakataa. Alinipa somo ambalo sijalisahau: namba inakuambia sauti ipi imenyamaza, haikuambii kwa nini. Inaweza kuwa koo, inaweza kuwa kipaza sauti, inaweza kuwa waya wa kipaza sauti.

Akapandisha gari jeki, akaweka stendi chini, akaweka jiwe nyuma ya tairi la nyuma, akatoa tairi la mbele kulia. Akachomoa plagi ya sensa, akagusisha nyaya za mita kwenye pini zake mbili. Mita ikasoma 1.12, yaani kilo-omu moja na kidogo (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme, kilo-omu ni omu elfu moja). Sensa za aina hiyo zikiwa nzima huwa kati ya omu mia nane na elfu mbili na ushee, kwa hiyo ilikuwa mzima wa afya. Akageuza mita isome volti za umeme wa kupishana, akazungusha habu kwa mkono. Namba ndogo zikapanda kadiri alivyozungusha kwa kasi. Sensa inaimba. Kisha akarudisha mita kwenye omu, akauacha mkono mmoja kwenye mita na kwa mwingine akaanza kuukunja waya pole pole, kuanzia kwenye sensa, kupanda kuelekea shokapu. Sentimita kumi, 1.12. Ishirini, 1.12. Alipofika kwenye kile kibanio cha mpira kinachoushikilia kwenye shokapu, pale waya unapojipinda kila ukikata usukani, akaukunja, na mita ikapotea. Akaunyoosha, 1.12 ikarudi. Kwa nje mpira ulikuwa mzima kabisa, mweusi, bila hata mkwaruzo. Shaba ndani ilikuwa imekatika.

Aliukata waya, akaunga kwa kulehemu risasi, akaufunika kwa mrija unaobana ukipashwa moto, akaurudishia kwenye kibanio akiuachia ulegevu kidogo. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilimwongezea mwenyewe. Lile boksi la mtumba halikuwa na hatia, na lile langu la kwanza nalo halikuwa na hatia.

Angalizo kwa wenye magari ya miaka ya karibuni zaidi: sensa nyingi mpya si za sumaku na waya, zina saketi ndogo ndani, na ukizipima omu hazikuambii kitu. Pete yenye meno nayo mara nyingi imeondolewa. Badala yake upande mmoja wa beringi una ukanda wa sumaku. Gari la shemeji yangu la 2008 liliwasha taa siku ileile lilipobadilishwa beringi ya mbele. Beringi mpya, nzuri, imefungwa kinyume: upande wa sumaku umetazama nje, sensa inatazama chuma kitupu. Kama taa yako imewaka siku iliyofuata kazi ya beringi, mrudie fundi huyohuyo kabla hujanunua chochote. Na wewe fundi, kabla ya kuigonga beringi ndani, sogeza pini ya chuma ya kubania karatasi pande zote mbili. Upande unaoivuta pini ndio unaotakiwa kutazama sensa.

Vingine vinavyochanganya kompyuta ni tairi zisizolingana. Ukifunga mbele saizi moja na nyuma nyingine, zinazunguka kwa kasi tofauti muda wote, na mwalimu wa kwaya anasikia sauti mbili zinakimbia kuliko nyingine mbili. Madereva wa watalii kule Arusha wajue pia kwamba kwenye baadhi ya Land Cruiser za zamani, ukifunga difu ya kati, ABS hujizima na taa kuwaka. Ukifungua difu, inarudi. Hilo halihitaji fundi.

Mafuta ya breki nitayagusa kwa ufupi ingawa yanastahili makala yake. Yananyonya unyevu kutoka hewani. Aina iitwayo DOT 3, ikiwa mpya, haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, ikishanyonya maji kiwango kinachotumika kuipima kikomo hicho hushuka hadi 140, na maji hayohayo huleta kutu kwenye vali nyembamba za boksi la ABS. Mafuta meusi kama chai ya rangi yameshachelewa. Kila miaka miwili badilisha, na usiruhusu mtu akuongezee mafuta ya usukani au ya injini kwenye kopo hilo.

Ukienda kununua gari

Kuna watu hutoa balbu ya taa ya ABS kwenye dashibodi, au kuibandika utepe mweusi. Wengine wajanja zaidi huunganisha taa hiyo na ile ya oili, ili iwake ukipiga swichi na izime injini ikiwaka, mnunuzi aone kila kitu kiko sawa. Mimi huu nauita wizi, na ni wizi unaohusu maisha ya familia ya mtu. Kuukamata ni rahisi. Piga swichi, usiwashe injini, hesabu hadi tano. Taa ya oili na ya betri zinabaki zinawaka. Taa ya ABS inatakiwa iwe imezima yenyewe. Kama haikuwaka kabisa, au kama imebaki na inazima sambamba na ile ya oili unapowasha injini, umedanganywa. Shuka, muombe muuzaji akueleze.

Na kuhusu kuchomoa betri ili taa ifutike: inaweza kuzima, ndiyo, kwa dakika chache. Waya uliokatika haujaungwa kwa kuchomoa betri.

Mkishamaliza matengenezo, jaribuni. Mimi na fundi wangu tulienda kwenye barabara ya vumbi nje ya mji, iliyonyooka, hakuna mtu wala ng'ombe, mikanda imefungwa. Kilomita thelathini kwa saa, nikakanyaga breki kwa mguu wote. Pedali ikanguruma chini ya soli, gari likasimama limenyooka. Tulikwenda mbele kidogo kuliko nilivyotarajia, na hilo aliniambia nilizoee: kwenye vumbi na changarawe ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa kuwa tairi lililoganda hujikusanyia udongo mbele yake na lisiloganda haliufanyi huo ukuta. Unachopata ni usukani. Tukashuka kutazama alama. Kwenye vumbi kulikuwa na mistari miwili yenye vipandevipande, giza, mwanga, giza, mwanga, kila kipande ni pale breki ilipobanwa na pale ilipolegezwa, na mstari wa kulia ulikuwa sawasawa na mwenzake.